Pete na Balbu Kwenye Msumari Mmoja

Juzi kanisani amplifaya ilianza kutoa moshi katikati ya matangazo. Mzee wa kanisa aliyekuwa akisoma majina ya wagonjwa wa kuombewa aliendelea kusoma bila sauti, midomo ikicheza tu, mpaka vijana wa mitambo wakakimbia kuchomoa plagi. Watu wa viti vya mbele waliziba pua. Mimi nilibaki nimekaa pale pale nikiivuta ile harufu kama mtu aliyeletewa chai, na watoto wangu wakanitazama kwa aibu. Transfoma inayoungua ina harufu yake. Kuna rangi iliyochemka, kuna vumbi la miaka mingi, na chini yake kuna kitu kama sukari guru iliyosahauliwa jikoni. Nguo za baba yangu zilinukia hivyo.

Kama tuko rika moja na ulikulia pande zetu, hutahitaji kuelezwa zile sauti. Miaka ile hakuna aliyezikwa kimya. Matanga yalikuwa na spika ndefu kama makabati, mikutano ya injili ilikuwa na zake, na harusi ikikosa muziki wa kusikika kijiji cha pili watu walirudi nyumbani wakisema hawakula. Mashine zilizosukuma sauti hizo zilipigwa na mvua, zikabebwa juu ya magunia, zikaunganishwa na jenereta mbovu, halafu zikaletwa Kitale kwa Baba zikiwa zimenyamaza.

Lakini kabla ya Kitale kulikuwa na Bungoma. Baba alianza ufundi wake mjini Bungoma, katika chumba kimoja nyuma ya duka la nafaka, na huko ndiko stima ilikompiga mara ya kwanza. Nilikuwa mdogo, sikumbuki, ila hadithi hiyo ilisimuliwa kwetu mara nyingi hadi nikadhani niliiona. Alikuwa akipima amplifaya ya kanisa. Ilimrusha kutoka kwenye stuli ikamlaza sakafuni, macho yakiwa wazi. Mama, aliyekuwa amemletea chakula, aliona amekufa. Akaweka mikono kichwani akaanza kulia kilio cha msiba, akimtaja Baba kwa jina na ukoo, akimuuliza amewaachia nani watoto. Baba alizinduka katikati ya kilio chake mwenyewe. Wajomba walikuwa wakicheka wakifika hapo, na Baba naye alicheka. Mama hakuwahi kucheka.

Siku hiyo alimwapisha. Redio ndogo, sawa. Simu, saa, pasi, sawa. Amplifaya, hapana, asifungue tena maisha yake yote. Baba aliapa, na baada ya muda akahamia Kitale ambako wateja wa redio walikuwa wengi. Mama alibaki Kabuchai na miwa na wadogo zangu. Mimi nilipelekwa kukaa na Baba kwa sababu ya shule, na pengine pia kwa sababu Mama alitaka awe na mtu wake huko mjini, ingawa hakuniambia hivyo.

Nilijua kuhusu kile kiapo. Ila kwangu chochote chenye vitufe na waya kilikuwa redio, kikubwa kwa kidogo. Sikujua kwamba baadhi ya zile redio zilizokuwa mezani kwa Baba ndizo alizoapa kutozigusa.

Pete waliivaa mwaka uleule tuliohamia. Wazazi wangu walikuwa wameoana kienyeji tangu zamani, mahari ikatoka, watoto tukazaliwa, kisha wakaamua kufunga ndoa ya kanisani. Mimi nilibeba maua mbele yao. Kwa Mama ile pete ilikuwa kitu kikubwa sana. Wanawake wa kanisa letu walikuwa na macho ya kutazama vidole vya waume za watu, na mwanamume aliyeonekana bila pete alizungumziwa mpaka mkewe akasikia. Mama aliisugua ya kwake kwa majivu kila Jumamosi. Ya Baba aliisugua akija kututembelea.

Kibanda cha Baba kilikuwa karibu na soko la Kitale. Baada ya shule nilikaa mlangoni nikifanya kazi ya mwalimu juu ya magoti. Ukutani nyuma ya meza kulikuwa na msumari mmoja, na kwenye huo msumari ilining'inia balbu ya kawaida ya nyumbani iliyofungwa nyaya mbili fupi. Mtu akileta redio ndogo, Baba aliitengeneza bila kuangalia huko ukutani. Lakini Mama Halima akija, mambo yalibadilika.

Mama Halima alikuwa mjane mwenye pikapu na vyombo vya muziki vya kukodisha. Nyumba yake ilikuwa karibu na msikiti, na alijulikana mji mzima kwa sababu ndiye aliyetoa sauti kwa Waislamu na Wakristo bila ubaguzi. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu, na alipoingia kibandani manukato yake yaliishinda hata harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya iliyoyeyushwa. "Fundi," alikuwa akisema, "mgonjwa wako amezidiwa tena." Vijana wake wa kubeba waliiweka amplifaya mezani, chuma kitupu, nzito kama gunia la mahindi. Na Baba, kabla ya kugusa hata skrubu moja, alinyoosha mikono yake kuelekea ule msumari, akaitoa balbu, akaivua pete, akaitundika pete mahali pa balbu.

Fikiria mimi, mtoto wa kike niliyebeba maua kwenye ile harusi, naona hayo. Kwa mzee wa redio ya betri, pete iko kidoleni. Kwa mwalimu mwenye saa ya mezani, pete iko kidoleni. Kwa Mama Halima, pete inavuliwa. Hesabu hiyo haikuhitaji shule. Nilimchukia yule mama kwa moyo wangu wote, na alivyozidi kuniletea mandazi ndivyo nilivyozidi kumchukia, ingawa mandazi nilikula.

Sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba nikilisema litakuwa kweli, Mama atajua, na nyumba yetu itavunjika kama ya jirani yetu mmoja ambaye watoto wake waligawanywa kama kuku. Hiyo hofu nililala nayo na kuamka nayo. Nilimtazama Baba akifanya kazi na nikaanza kuona ubaya katika kila alichofanya. Akiwa na amplifaya iliyowashwa, kwa mfano, alifanya kazi kwa mkono wa kulia peke yake, akishika sindano ya mita ya kupimia stima, na wa kushoto akauficha kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Nilijua kwa nini anauficha. Aliona haya kidole kisicho na pete.

"Baba, kwa nini usizime kwanza?" nilimuuliza mara moja.

"Mayi," alinijibu, maana nilipewa jina la mama yake na aliniita mama, "maiti hapimwi presha. Hii kitu inaugua ikiwa hai, ikizimwa inakuwa nzuri. Sasa nitaona ugonjwa aje?"

Akimaliza kupima, alichomoa plagi, akachukua ile balbu, akagusisha nyaya zake mbili kwenye mikebe miwili iliyosimama ndani ya mashine, mikebe mifupi minene ambayo aliiita kapasita. Balbu iliwaka. Plagi ilikuwa chini sakafuni, imelala, na balbu iliwaka mkononi mwake, ikafifia polepole ikazimika. Hapo tu ndipo mkono wa kushoto ulitoka mfukoni. Nilidhani Baba alikuwa akihifadhi stima mle ndani kama tunavyohifadhi maji kwenye mtungi, na kati ya mambo yote niliyoyadhani mwaka ule, ni hilo tu nililopatia. Kazi ikiisha, balbu ilirudi msumarini na pete kidoleni. Havikukaa pamoja hata siku moja.

Siku moja Mama alikuja bila kutuma habari. Ilikuwa mchana, Mama Halima ameketi kwenye benchi akijipepea na mtandio, mashine yake imefunguliwa mezani. Baba alisikia sauti ya Mama akisalimiana na muuza viazi nje. Nilimwona akivua koti lake haraka na kulitupa juu ya ile amplifaya. Alikumbuka kufunika mashine. Pete aliisahau.

Mama aliingia, akasalimia, akaweka kapu chini. Macho yake yalienda moja kwa moja kwenye mkono wa Baba.

"Pete yako iko wapi?"

"Iko."

"Iko wapi?"

Baba alionyesha ukutani kwa kidevu. Mama alitazama ule msumari kwa muda, halafu akamtazama Mama Halima.

"Ati pete ya kanisani iko kwa msumari, na wewe umeketi hapa."

"Dada, karibu," Mama Halima akasema. "Mimi nimeleta mashine tu, wallahi."

"Sijaongea na wewe, mama. Naongea na bwana yangu." Akamgeukia. "Si uniambie tu ukweli. Ni nini inakufanya utoe pete?"

Nilimwangalia Baba. Nilitaka aseme kitu, chochote, hata uongo. Alikuwa ameweka mkono juu ya lile koti, kama mtu anayetuliza mnyama.

"Haya," Mama akasema. "Kuanzia leo nisikie imetoka kwa hiyo kidole, huyu mtoto narudi naye Kabuchai, na wewe ukae na wenye mashine."

"Sawa," Baba akajibu. Akaitoa pete msumarini akaivaa mbele yetu, na ile balbu akaitundika mahali pake.

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu kwangu. Pete haikutoka. Mama Halima alikuja na mashine zake, akakaa kwenye benchi lilelile, na pete ilibaki inang'aa kidoleni, Baba akiinama juu ya nyaya. Nilimwona yule mama kama mtu aliyeshindwa vita, na nikaanza hata kumwonea huruma. Nilipika ugali nikiimba. Baba alikuwa mkimya kuliko kawaida, lakini nilidhani ndivyo mtu anavyokuwa akiacha dhambi.

Jambo nililoshindwa kulisoma lilikuwa mbele ya macho yangu. Kwa miaka, mikono ya Baba ilikuwa imezoea njia moja: kwenda msumarini, kuacha pete, kurudi na balbu. Alipokatazwa kuacha pete, safari ya msumarini ilikosa sababu, na balbu ikaanza kusahauliwa. Siku nyingine alikumbuka katikati ya kazi, akaguna, akaifuata. Siku nyingine alikuwa na bahati.

Ilikuwa Jumamosi, jua limesimama. Pikapu ya Mama Halima ilikuwa nje ikingoja na injini ikinguruma, kwa sababu kulikuwa na mazishi Naitiri na mashine ilikuwa ikikatika sauti kila baada ya muda. Mama Halima mwenyewe alikuwa ndani ya gari, akipiga honi kidogo kidogo. Nilikuwa mlangoni natafuna muwa. Baba aliipima ikiwa inaimba, mkono mmoja mfukoni kama kawaida, akapata alichokuwa akitafuta, akasema "Umepatikana, rafiki," na kuchomoa plagi. Kisha akaingiza mikono yote miwili. Balbu ilikuwa ukutani.

Kilichofuata hakikuwa na urefu. Kulikuwa na mlio, kama mtu amepasua ubao, na mwanga wa buluu uliofanya kibanda kizima kionekane cheupe. Stuli ilianguka. Baba alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, akiushika mkono wa kushoto kwa wa kulia. Harufu ya transfoma ilikuwa pale kama siku zote, ila juu yake kulikuwa na nyingine, ya nyama, na nilitema muwa.

Mama Halima aliingia mbio akiwa ameacha kiatu kimoja kwenye gari. "Fundi! Fundi, nijibu!"

"Pete," Baba akasema. "Toa pete."

Haikutoka. Ilikuwa imezama katika kidole, kidole chenyewe kimevimba pande zote mbili, na sehemu moja ya pete ilikuwa imeyeyuka ikawa kama tone la nta. Mama Halima aliufunga ule mkono kwa mtandio wake, akamwinua Baba kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akampakia kwenye pikapu kati ya spika. Watu wa Naitiri walizika bila muziki.

Hospitalini waliikata pete kwa koleo. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nje, na nilikuwa nimeshaelewa kila kitu kwa njia yangu. Pete ya kanisa ilikuwa imemwadhibu. Mungu alikuwa amengoja siku ambayo yule mama yuko karibu. Mama Halima alipoketi kando yangu akilia, niliinama kwa siri nikachunguza vidole vyake, kuona kama vyake pia vimeungua. Vilikuwa vizima, vya hina. Alinikumbatia na sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Yeye ndiye aliyempigia simu jirani yetu wa Kabuchai. Mama alifika kesho yake asubuhi na mapema, miguu ina matope ya shambani, kitambaa hakijafungwa vizuri. Alimkuta Baba ameketi kitandani, mkono umefungwa bendeji, na pembeni, juu ya kipande cha pamba, vipande viwili vya pete. Nilisimama miguuni pa kitanda. Nakumbuka maneno yao kwa sababu nilikuwa nangoja kusikia ndoa yao ikiisha.

"Ulikuwa unafanya nini?" Mama akauliza.

"Amplifaya."

"Gani?"

"Ile kubwa."

"Uliniambia Kitale ni redio."

"Nilikuambia."

Mama aliokota kipande kimoja cha pete, akakigeuza. "Na hii?"

"Hiyo haitakiwi karibu na hizo mashine. Inashika stima. Ata ukichomoa, kuna ingine imebaki ndani mpaka balbu iimalize. Ndiyo maana nilikuwa naitoa, na mkono mmoja naweka mfukoni, stima isipite kifuani."

"Si ungesema! Siku ile nilikuuliza mbele ya watu. Si ungesema tu?"

"Ningesema aje? Niseme natoa pete juu nafungua amplifaya, na nilikuapia sifungui?"

Mama aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Alikirudisha kile kipande juu ya pamba. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo uliona afadhali nifikirie uko na mwanamke?"

"Ee."

"Afadhali hiyo?"

"Hiyo ungenikasirikia tu," Baba akasema. "Hii nyingine ungekuwa huko Kabuchai hulali."

Mama alifunika uso kwa leso akalia. Hakikuwa kile kilio chake cha Bungoma. Kilikuwa kidogo, cha mtu mmoja. Mimi nilisikia kitu kikishuka ndani yangu, kama mzigo unaotuliwa, na mara tu kiliposhuka kingine kikapanda. Nyumba yetu ilikuwa nzima. Lakini zile wiki nilizokuwa nikiimba jikoni kwa furaha ya pete, ndizo wiki ambazo baba yangu alikuwa karibu kufa kila siku, na alilijua hilo, na aliivaa.

Mama alipomaliza kulia alipangusa pua na kusema, "Usiniapie tena. Kiapo yako siitaki. Hiyo kazi ndiyo inalipa shule, najua. Toa pete, toa shati, toa chochote. Lakini ukifungua hiyo kitu, nijue umefungua. Na ukifunga, nijue umefunga."

"Utajua aje na uko Kabuchai?"

"Wewe ni fundi. Tafuta njia."

Kidole kilipona, kikabaki na kovu jeupe linalokizunguka, na Mama hakudai pete nyingine. Wanawake wa kanisani walisema yao wakachoka. Baba alitengeneza simu mbili za mitumba zilizoachwa kibandani na wenyewe hawakurudi, akampa Mama moja. Sote tulikuwa tunaflash siku hizo, simu inalia mara moja unakata kabla haijapokelewa, kwa hiyo haikuwa na gharama. Akifungua mashine kubwa, alimflash Mama. Akiifunga, alimflash tena. Niliona akifanya hivyo kibandani kila wakati, anabonyeza, anakata, anaweka simu rafuni, anaenda kuchukua balbu yake. Kwangu lilikuwa jambo jepesi, sehemu ya kazi kama kushika bisibisi.

Likizo ya Agosti nilienda nyumbani, nikamfuata Mama shambani kupalilia. Tulikuwa tumefika katikati ya mstari ilipoanza kulia ile simu aliyoifunga kwenye pindo la leso. Ililia mara moja ikanyamaza. Mama alisimamisha jembe. Hakuitazama simu, hakunitazama mimi. Alisimama tu katikati ya mahindi, mikono juu ya mpini, uso umeelekea upande wa Kitale, na nilipoanza kumwambia jambo alinyanyua kidole nikanyamaza. Mdogo wangu alikuja kuomba maji, akamwona, akageuka akarudi bila kuomba, kama aliyezoea. Jua lilitoka juu ya migongo yetu likaanza kushuka ubavuni. Niliona kifua cha Mama kikipanda na kushuka, na midomo yake ikisema kitu bila sauti. Sikuwahi kujua, miezi yote ile pale kibandani, kwamba upande huu wa simu kulikuwa na mtu amesimama hivi.

Simu ikalia tena, mara moja.

"Amefunga," Mama akasema, akainama akaendelea kulima.